Mshiriki Namba Kumi na Moja

Msomi alikuwa amevaa suti. Jumamosi asubuhi, jengo zima halina mtu isipokuwa mfagiaji na wanafunzi saba walioombwa waje kumsikiliza akifanya mazoezi ya kutetea tasnifu yake ya uzamivu, na yeye kavaa suti ya kijivu, tai, na saa ya marehemu baba yake. Jina hilo la Msomi alipewa na mama yake akiwa darasa la tatu, na tangu hapo hajawahi kulikataa hata siku moja.

Mchumba wake alikaa safu ya pili, karibu na dirisha. Chuoni wote walimwita Sista, kwa sababu kabla ya kurudi shule kusomea uzamili wa afya ya akili alikuwa muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili kwa miaka sita. Suti ile ilimchekesha. Lakini Msomi alipoinua kidevu kurekebisha tai, moyo wa Sista ulifanya kile ulichofanya siku zote: ulisogea mbele kidogo, kama mtu anayejiandaa kuinuka kitini. Miaka miwili sasa, na bado ile shingo ilimpagawisha. Pete ilikuwa kidoleni. Harusi ilikuwa miezi minne mbele.

Nyuma kabisa, peke yake safu nzima, alikaa mama yake Msomi. Mkoba wake mpya ulikalia kiti cha pembeni, na mwanafunzi aliyetaka kukaa hapo aliangaliwa mara moja tu akaenda kusimama ukutani.

Kwa dakika ishirini mambo yalikwenda vizuri. Tasnifu ilihusu unyanyapaa: jinsi familia zinavyowaficha na kuwaonea haya ndugu zao wenye maradhi ya akili. Msomi alizungumza kwa sauti yake ile ya chini, mkono mmoja mfukoni. Kisha akabonyeza kitufe, slaidi ikabadilika.

"Sasa nawaletea Mshiriki Namba Kumi na Moja," alisema. "Mwanamume wa miaka thelathini na sita, fundi cherehani. Huyu ndiye moyo wa utafiti wangu."

Sista aliacha kuandika.

"Siku moja mshiriki huyu alikata vifungo vyote vya nguo za wateja wake. Mashati, magauni, makoti, hakubakisha. Akavijaza kwenye kopo la maziwa, akavifukia nyuma ya chumba chake cha kazi. Aliamini vinamsikiliza. Nilipomhoji, kwa muda wa dakika tisini, aliniambia huku akilia: 'Kila kifungo ni sikio.'"

Watu waliguna kwa huruma. Maneno yale, kila kifungo ni sikio, Sista aliyasikia kwenye kinywa kimoja tu, cha kaka yake wa kuzaliwa tumbo moja. Naye aliyapeleka kwa mtu mmoja tu. Ilikuwa nyuma ya maktaba, kwenye benchi la saruji, kichwa chake kikiwa kifuani pa Msomi. Alilia sana siku ile. Msomi alimfuta machozi kwa kidole gumba akamuuliza taratibu, "Kisha ikawaje? Alisemaje hasa?"

Alisemaje hasa. Na yeye, kwa ujinga wake, alidhani ule ndio upendo: mtu anayetaka kujua maneno yenyewe.

Eti dakika tisini! Msomi alikuwa amemwona kaka yake mara mbili tu maishani, na mara zote mbili alisimama mlangoni akasema ana haraka.

Makofi yalipigwa. Wanafunzi walitoka wakiburuta viti. Mama yake Msomi alikuja mbele akijifuta macho na leso, na machozi yalikuwa ya kweli, hilo Sista hakuweza kumnyima.

"Binti, umesikia habari za yule kijana wa vifungo? Nimelia mie. Mtu akisimuliwa hivi ndiyo unajua kwamba na wao ni binadamu."

"Nimesikia, mama."

"Watu wana roho ngumu! Unamfichaje ndugu yako kwa sababu anaumwa?" Alikunja leso mara mbili, akaitia mkobani, kisha akamshika Sista mkono kumvuta pembeni. "Ee, halafu nilitaka nikuone. Habari za ukumbi wa harusi. Nimeongea na shangazi zake Msomi kuhusu yule kaka yako. Hatusemi asije. Aje. Lakini akae nyuma, karibu na mlango. Na kwenye picha za familia asiwemo. Wewe mwenyewe unajua, picha zinakaa miaka. Wajukuu wangu wataulizwa maswali."

Sista alimtazama usoni. Kope za mama huyu zilikuwa bado zimelowa.

"Mama, unajua kaka yangu anafanya kazi gani?"

"Si fundi? Fundi wa nini vile..."

"Cherehani. Ana miaka thelathini na mitano."

Mama aligeuka akaangalia ukutani, ambako slaidi ilikuwa bado inawaka. Akamwangalia mwanawe aliyekuwa anakunja waya wa kompyuta na kusikiliza kwa sikio la pembeni. Akarudi kwa Sista. Hakuwa mjinga, mjinga angechukua muda zaidi.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye huyo uliyemlilia."

Sista alingoja. Alitegemea mama aone aibu, au angalau apate kigugumizi. Mama alifunga mkoba wake, ta!

"Basi," alisema, "angalau amefaa kwa kitu."

Akatoka, viatu vyake vikigonga sakafu bila haraka yoyote.

Ofisi ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu ilikuwa chumba kimoja chenye meza saba, birika lisilo na kifuniko, na stepla iliyofungwa kamba ili isiibiwe. Msomi aliingia nyuma ya Sista akafunga mlango, akauegemea.

"Usianze," alisema.

"Sijaanza."

"Naona uso wako. Sikiliza. Namba kumi na moja wa kweli alijitoa. Mwezi mmoja kabla ya kukabidhi, ananipigia simu, eti hataki tena. Ningefanya nini? Nianze kutafuta mtu mwingine? Na jina sijataja. Hata umri nimebadilisha."

"Umeongeza mwaka mmoja."

"Umri ni umri. Hakuna atakayemjua."

"Mama yako amemjua kwa sentensi mbili."

"Ulinisimulia wewe mwenyewe!" Alitandaza mikono kama mtu aliyesingiziwa. "Mimi sikuiba kwenye droo."

"Nilimsimulia mchumba wangu. Kumbe kinasa sauti kilikuwa kimevaa shati."

Msomi alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha kifuani, na wiki iliyopita tu kingeweza kuyeyusha ugomvi wowote. Alimkaribia, akamshika mabega, akaweka paji lake la uso juu ya la Sista. Harufu yake ilikuwa ileile. Sista aliuona mwili wake mwenyewe ukitaka kuegemea, akaudharau.

"Mpenzi," alinong'ona Msomi, "nikipata hii shahada tunapata nyumba ya chuo. Tunaanza maisha. Nimefanya hivi kwa ajili yetu."

"Unataka nini?"

"Mbona unasema nataka kitu?"

"Hujawahi kuniita mpenzi ndani ya jengo hili."

Kisha Msomi alimwachia mabega, akafungua mfuko wa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri mara tatu. Fomu ya ridhaa ya mshiriki. Tarehe ilikuwa imeshajazwa, ya mwaka jana, mwezi wa pili. Palipotakiwa sahihi alikuwa ameweka alama ndogo ya penseli, kama mwalimu anayemwonyesha mtoto mahali pa kuandika.

"Profesa anazitaka zote ishirini Jumatatu. Unaweza kusaini kama mlezi wake. Kisheria inakubalika, mtu kama yule..."

"Mtu kama yule amelipia ada yangu ya muhula wa kwanza kwa kushona sare za shule. Mlezi wake ni nani?"

"Usigeuze kila kitu kuwa vita."

Sista aliichukua fomu, akaisoma mpaka chini, akaiweka mezani kwa ncha za vidole. Kisha akachukua nakala ya sura ya Mshiriki Namba Kumi na Moja, iliyogawiwa asubuhi kwenye mazoezi. Msomi alidhani anaichukua ili afikirie. Akambusu shavuni. "Mpaka Jumatatu," alisema. Mwanamume aliyesoma mpaka kilele cha elimu, na hajui kusoma uso ulio mbele yake.

Sista alipofika kwa kaka yake, alimkuta anapiga pasi pindo la gauni. Chumba chake cha ushonaji kilikuwa kidogo na safi kuliko wodi: mkasi kwenye msumari wake, chaki kwenye kopo lake, majora ya vitambaa yamepangwa kwa rangi. Njia nzima Sista alikuwa amejiuliza kama amweleze. Miaka minne sasa kaka hajalazwa. Kila mwezi anakwenda kliniki kuchomwa sindano kama mtu anayekwenda kunyoa, na jioni ya siku hiyo analala mapema. Je, habari hii haitamrudisha kule?

"Kaa," alisema kaka. "Una sura ya mtu aliyemeza mfupa. Useme sasa au nimalize pindo kwanza?"

Alimweleza yote, mpaka habari ya kiti cha karibu na mlango. Kaka alizima pasi. Alinyoosha mkono, akaomba karatasi, akavaa miwani, akasoma. Alisoma polepole, midomo ikicheza, na uso wake haukubadilika. Mara moja tu alirudi nyuma ukurasa mmoja, akatafuta kitu, hakukipata.

"Nisamehe, kaka. Mdomo wangu ndio uliokuuza."

"Ulikuwa unampenda mtu. Ungemwambia nani, jiwe?" Akaguna. "Bado unampenda?"

Sista alikwepa macho yake. "Asubuhi nilikuwa nampenda."

"Hilo ndilo baya. Haya mengine ni karatasi."

Kaka alikuwa hajamaliza kusema, mlango ukagongwa. Nani anagonga mlango wa fundi ulio wazi? Msomi alisimama kizingitini na suti yake, suruali nyeusi imening'inia mkononi. Alipomwona Sista alishtuka, kisha akavaa tabasamu haraka, kama mtu anayevaa kandambili.

"Shemeji! Habari za siku? Nimekuletea kazi. Hii suruali inaburuta chini."

"Karibu," alisema kaka. "Leo huna haraka?"

Msomi aliingia, hatua tatu tu, akijihadhari asiguse kitu. Kaka alipokea suruali, akaipima na futi, akapiga mstari wa chaki. Kazi ilikuwa kazi.

"Nikuulize jambo," alisema bila kuinua kichwa. "Zile dakika tisini uliponihoji, nilikaa kiti hiki au kile?"

Tabasamu la Msomi lilibaki, lakini halikuwa na mwenyewe.

"Shemeji, naona umeelezwa vibaya. Ni mambo ya kitaalamu kidogo..."

"Umeandika nililia. Sikulia, huyu mdogo wangu ndiye aliyelia. Umeandika sina marafiki. Uliwauliza? Wangekuambia." Aliichukua ile sura mezani, akaifungua kurasa za katikati. "Lakini hayo madogo. Nilikuwa natafuta pale niliporudishia vifungo. Sipaoni. Huenda miwani yangu imechoka."

Msomi alimtazama Sista, kama anayeomba atafsiriwe.

"Hukumwambia?" kaka alimuuliza dada yake.

"Nilimwambia."

"Basi anajua kwamba nilipotoka hospitali nilikwenda nikafukua kopo mwenyewe. Vifungo mia nne na kitu. Nikaviosha, nikavipanga, nikaenda nyumba kwa nyumba. Nikagonga, nikasema, mimi ndiye niliyeharibu nguo yako, naomba nishone hapahapa. Miezi mitatu. Kuna mama mmoja hakunifungulia. Akanirushia koti dirishani, nikashonea kwenye ngazi zake, nikaliacha limekunjwa. Sasa hivi ni mteja wangu. Hiyo sehemu iko wapi?"

"Ile sehemu," Msomi alikohoa, "haikuendana na lengo. Utafiti unahusu unyanyapaa. Hauhusu, yaani, kupona."

"Aha. Kumbe nikipona nakuharibia."

Sista alipomwangalia mchumba wake, alihisi kitu kikifunguka moyoni. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, hata kwa maumivu. Kilichokuja ni dharau, baridi na safi, na ilimshangaza jinsi ilivyo nyepesi kuibeba. Ile shingo, ile sauti, ule mkono wa mfukoni: vyote vilikuwa pale, na havikumfikia. Alimwona mtu mzima aliyevaa suti Jumamosi ili aazime wazimu wa mwenzake.

Msomi alitoa fomu. Alikuwa nayo nyingine, yenye alama ileile ya penseli.

"Shemeji, ni sahihi tu. Moja. Mimi ni kama ndugu yako."

"Ndugu wa meza ya mbele au wa karibu na mlango?"

"Hayo ni maneno ya mama!"

"Wewe ulijibu nini?"

Msomi akakunjua fomu mezani; siku ile alipoambiwa na mama yake hakuwa amepinga. Hilo lilionekana wazi mpaka kuta zingeweza kulishuhudia. Kaka aliisukuma fomu kwa kidole mpaka ukingoni mwa meza.

"Sisaini. Sikuhojiwa, sikuombwa. Na Jumatatu nitamwandikia mkubwa wako aitoe."

Hapo Msomi alimgeukia Sista, uso umemwiva.

"Unamwachia afanye hivi? Miaka minne! Miaka minne ya kazi yangu unaitupa, kwa ajili ya..."

"Malizia," alisema Sista.

"Unajua nilichotaka kusema."

"Kurasa mia mbili na themanini umeandika juu ya hilo neno. Umelipiga vita kwa slaidi za rangi. Usilionee haya, malizia."

"Kwa ajili ya kichaa!"

Kaka alichomoa pini mdomoni, akaichoma kwenye pindo la suruali, pale pale kwenye mstari.

"Limechelewa," alisema, "lakini limefika. Miaka miwili lilikuwa njiani."

Sista alivua pete. Ilikuwa inabana kidogo, akailowesha kwa mate mbele yao wote bila aibu, akaiweka juu ya ile fomu, penye alama ya penseli.

"Tafuta mlezi wako akusainie na hii," alisema.

"Sista, subiri. Sikukusudia. Nimekasirika tu, unanijua..."

"Sasa ndiyo nakujua. Toka. Kuna watu wanafanya kazi hapa."

Msomi alichukua pete, akachukua fomu, akanyoosha mkono kwenye suruali.

"Iache," alisema kaka. "Nimeshaipiga chaki. Utaifuata Jumatano, itakuwa imekaa vizuri. Mimi silipizi kwenye nguo."

Jumatatu saa mbili na nusu Sista alikuwa mbele ya meza ya Profesa, msimamizi wa Msomi. Barua ya kaka ilikuwa na mistari mitano, mwandiko wake umesimama wima: hakuhojiwa, hakuombwa, hadithi ni yake na imekatwa nusu, anaomba iondolewe, ahsante. Profesa aliisoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Unaelewa hii itamfanya nini? Itabidi niipeleke kwenye kamati ya maadili. Watayakagua mahojiano yote ishirini, siyo haya tu. Utetezi hautakuwapo mwaka huu."

"Naelewa, mwalimu."

"Na wewe watakusema. Watasema ni ugomvi wa wachumba."

"Waseme."

Profesa alipekua tasnifu nene iliyokuwa mkononi mwake, kwa masikitiko ya mtu anayeaga chakula kizuri. "Inasikitisha. Sura ya Mshiriki Namba Kumi na Moja ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote."

"Ni kwa sababu ni ya kweli," alisema Sista. "Zile nyingine ni zake mwenyewe."

Siku ile Msomi alimtumia ujumbe mara tisa. Wa kwanza ulikuwa wa kuomba radhi na wa nne wa kumlaani. Wa tisa ulimuuliza kama ameiona chaja yake. Sista aliusoma wote amesimama kwenye korido ya maktaba, na alikaribia kucheka, kwa sababu huyu ndiye mtu ambaye alikuwa tayari kumzalia watoto. Aliiona chaja. Aliiacha kwa mfagiaji.

Saa kumi alishuka kwa kaka. Kulikuwa na wateja wawili. Akangoja mpaka wakaondoka. Kaka alikuwa anashona kitu cheupe, kirefu, kikimwagika kutoka mezani mpaka magotini pake.

"Barua imepokelewa," alisema Sista. "Tasnifu wameisimamisha."

"Vizuri."

"Imekwisha."

"Vizuri," alisema kaka tena, safari hii kwa sauti nyingine.

Hapo ndipo machozi yalipokuja. Hayakuja Jumamosi wala mbele ya Profesa, yakaja sasa, bila kuombwa, na yalikuja kwa ajili ya kile kidole gumba kilichomfuta uso kwenye benchi la saruji. Kidole kilikuwa cha kweli, hilo ndilo lililomuuma. Mtu mwenyewe alikuwa wa uongo, na kidole chake kilikuwa cha kweli. Alijiinamia mezani, akalia mabega yakitikisika, kama hajawahi kuwa muuguzi wa mtu yeyote.

Kaka hakumwambia anyamaze. Alisimamisha cherehani kwa kiganja, akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana, na kwa mkono mwingine akaanza kukivuta kile kitambaa cheupe taratibu kutoka chini ya uso wake.

"Lia tu, mdogo wangu," alisema. "Lia mpaka ushibe. Ila usililie shela la watu, bibi harusi anakuja kulichukua kesho."